Kofia Wakati wa Bendera

Nitaanza na kofia. Wengi wanaoniuliza habari za ugonjwa wangu huanza na kovu, nami nawaelewa, lakini kovu ndilo lililokuja mwisho. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye kidonda kisichopona ambaye anaogopa kukitazama kwenye kioo. Zaidi naandika kwa ajili ya mama mwenye mtoto wa ngozi kama yangu, ambaye hakuna aliyewahi kukaa naye chini akamweleza.

Nilizaliwa Mugango, karibu na ziwa, mtoto mweupe wa baba mweusi na mama mweusi. Watu hutuita zeruzeru. Mama yangu alinisukia kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, akaifunga kamba chini ya kidevu, akaniambia nisiivue nikiwa nje. Hakujua sababu nyingine zaidi ya kwamba jua liliniunguza. Wavuvi walioshusha furu na sato waliniita uyoga. Mimi niliwaambia wanuke kwanza vizuri ndipo tuongee. Kofia ikichakaa, mama alisuka nyingine.

Mahali pamoja tu niliivua. Nilikuwa mtoto wa shule Uhuru ulipokuja, na tulifundishwa kwamba bendera inapopanda na wimbo wa taifa unapoimbwa, kichwa kiwe wazi na mwili utulie. Niliipenda adabu ile. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Bunda, nilivua kofia hata kabla watoto hawajanyamaza, ili waone mfano. Hakuna aliyenilazimisha. Nalisema hili ili ujue kwamba jua linaweza kumfikia mtu kwa njia nzuri kabisa, njia ambayo hata yeye mwenyewe anaisifu.

Katika shule ya zamani haikuwa na madhara makubwa, maana tulisimama chini ya mikuyu. Kisha tukahamia vijiji vya ujamaa. Nyumba zetu mpya zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kwenye mbuga tupu, na shule ikajengwa kwa miti na nyasi mwisho wa mistari ile. Tulikuwa na barabara, tuliahidiwa kisima, na majirani tuliokuwa nao walikuwa wengi kuliko tulivyowahi kuwa nao. Kivuli hakikuwapo. Kila asubuhi tuliimba, tukasomewa matangazo ya kijiji, tukagawiwa kazi, na wimbo mwingine ukafuata, na muda wote huo kofia ilikuwa mkononi mwangu. Baada ya masomo tulikwenda shamba la pamba la kijiji. Huko niliivaa, lakini asubuhi ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Kidonda kilitokea wakati wa palizi, mbele ya sikio la kushoto. Kilikuwa kama gamba la samaki lililokauka. Nilikibandua, kikatoka damu kidogo, kikarudi. Zahanati walinipaka dawa ya zambarau, nikafundisha wiki nzima nikiwa na shavu la zambarau, watoto wakijikaza wasicheke. Kikarudi. Wakanichoma sindano. Kikakauka, nikafurahi, na siku niliyomwandikia mama yangu kwamba nimepona, asubuhi yake nikakuta damu kwenye mto.

Wakati mvua kubwa zinaanza nikatambua kwamba nina mimba. Ilikuwa ya kwanza. Mume wangu, Magesa, alifanya kazi kwenye kinu cha pamba Bunda na alirudi nyumbani kwa baiskeli mwisho wa juma. Nilipomwambia, alicheka peke yake hadi akamwaga uji. Kisha akatazama shavu langu, na kicheko kikamwishia usoni.

Niliishi na mama yake. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mikono isiyotulia, na tangu nilipoolewa alikuwa ananihudumia vizuri bila kunitazama. Chakula alinipa cha kutosha. Macho alininyima. Niliamini kwamba anaona aibu kwa sababu yangu, na kwamba Magesa alimshinda tu kwa ubishi. Jioni alipojua kwamba mimi ni mja mzito, alinishika kidevu kwa mara ya kwanza, akanigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

“Kidonda kinachokula mama,” akasema, “kikimaliza huku nje si kitaingia ndani kwa mtoto?”

“Sijui, Mama.”

“Hujui, na wewe ndiye mwalimu.”

Maneno yale yalinikaa tumboni kuliko mtoto mwenyewe. Kabla ya hapo niliogopa kufa. Kuanzia jioni ile niliogopa jambo lingine: kwamba nina kitu kibaya katika mwili, na kila siku ninayochelewa ninampakulia mwanangu sehemu yake.

Nikaenda Musoma, hospitali. Kama hujawahi kungoja kule, ngoja nikuambie jinsi kulivyo, maana kungoja ni nusu ya ugonjwa. Unaketi kwenye benchi la varandani, upepo wa ziwa unakupiga, na mlango wa daktari unafunguka kwa ajili ya kila mtu isipokuwa wewe. Unajifunza viatu vya watu. Unajua nani amekuja na chakula na nani anajifanya ameshiba. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Tarime, Mama Ghati, mwenye uvimbe wa shingo ambao alikuwa ameufunga kitambaa kizuri kama zawadi. Akanitazama sana, kisha akashindwa kuvumilia.

“Mwenzangu, samahani. Wewe hapa wamekuandika mzungu au mwananchi?”

“Mwananchi,” nikamwambia. “Ila nilifuliwa mno.”

Alicheka mpaka nesi akatoka kututuliza. “Mimi nilisahauliwa kwenye maji,” akasema akigusa uvimbe wake, “ndiyo maana nimevimba.” Tangu hapo, kila nilipokwenda nilimtafuta kwa macho, na siku nisipomkuta benchi lilikuwa gumu zaidi. Ukienda hospitali, tafuta mtu wa kucheka naye. Usione haya. Haimaanishi kwamba huogopi.

Daktari alikuwa mwanamke anayesema polepole. Alikata kipande kidogo cha kidonda, akasema kitapelekwa mbali kuchunguzwa, na nirudi baada ya kuitwa. Mvua zikanyesha, zikapungua, pamba ikaanza kupasuka, na mimi nikawa ninakimbilia kila lori linalosimama barabarani, nikidhani limeleta wito. Usiku nilihesabu mateke ya mtoto badala ya kulala. Nilipoitwa, pamba ilikuwa tayari inachumwa.

“Ni kansa ya ngozi,” daktari akasema, na akanipa muda wa kulisikia neno hilo. “Inakua polepole. Tukiikata yote sasa, mara nyingi inaishia hapo. Tusipoikata, inafika kwenye tezi za shingo, na huko ni habari nyingine.”

“Na mtoto?”

Nilikuwa nimeandaa maswali mengi, likatoka hilo tu.

Akavuta kiti karibu. “Sikiliza, Mwalimu. Ndani ya mwili wako kuna maagizo, yameandikwa katika kila chembe. Jua limeyaharibu maagizo ya chembe chache za shavuni, zikaanza kukua bila utaratibu. Kilichoharibika shavuni kimebaki shavuni. Mtoto haandikwi kutoka kwenye shavu.”

Nililia pale pale, yeye akangoja. Kisha akaongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli: “Ngozi yako, hiyo ni jambo tofauti. Hiyo ulizaliwa nayo, na sehemu yake mtoto atapewa. Ila ili atoke kama wewe, ni lazima na baba yake awe nayo imejificha.”

Njiani nililigeuza jambo hili kichwani mpaka nikalipata kwa namna ninayoweza kulifundisha. Wanafunzi wananakili somo ubaoni. Mmoja anaruka herufi bila kujua. Si mvivu, si mkorofi, amepitiwa tu. Yule anayenakili kutoka kwake anaichukua ile kasoro, na anayenakili kutoka kwa huyo naye vilevile, na aliyeanza amekwisha kusahaulika. Kila mtoto hupewa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja ikiwa nzima, mwili husoma hiyo, na ile yenye kasoro hukaa kimya, hata vizazi na vizazi. Wazazi wangu wote wawili walikuwa na nakala yenye kasoro, nami nikapewa zote mbili. Hakuna aliyeroga. Hakuna aliyekosa. Mama yangu alipoambiwa kwamba alipita mahali pabaya akiwa mja mzito, hakuwa amepita popote.

Nilipofika nilimweleza mama mkwe. Tulikuwa tunachambua pamba, tukitenga safi na chafu. Nikachukua jani lililochomwa na jua na tumba lililofunguka.

“Mama, jani hili limeungua. Mbegu zilizo ndani ya tumba hili zinajua?”

“Mbegu itajuaje habari za jani?”

“Basi kidonda changu ni jani.”

Akakaa na jani lile mkononi. Nilianza kutabasamu. “Na mbegu yenyewe?” akauliza. “Mbegu yako wewe ikoje?”

Nikamwambia ukweli, kwamba ngozi yangu imo katika mbegu, lakini haiwezi kutokea kwa mtoto kama kwao haipo. Magesa, aliyekuwa anatengeneza baiskeli, akasema bila kuinua kichwa, “Kwetu haijawahi kuwapo.” Mama yake akanyanyuka, akaacha pamba, akaenda kuchota maji ambayo tayari yalikuwa yamejaa mtungi.

Nilikatwa kwa ganzi, bila dawa ya usingizi, kwa sababu ya mimba. Nasema wazi ili ikikupata usishtuke: husikii maumivu, lakini unasikia sauti. Unasikia mkasi. Nilisikia mtoto akicheza tumboni wakati wao wanafanya kazi kichwani, nikamwambia kimoyomoyo atulie kama anavyotulia mtu mbele ya bendera. Walichukua kidonda na sehemu ya juu ya sikio, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Paja liliuma kuliko uso.

Kuhusu sura yangu sitadanganya. Kwa muda mrefu Magesa alizungumza nami akitazama upande wa kulia. Kofia haikukaa tena sawasawa, ililala upande mmoja kama kuku mgonjwa. Niliporudi darasani nilikuta ukimya ambao sijawahi kuupata kwa kiboko. Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

“Mwalimu, sikio limeenda wapi?”

“Nimeliacha Musoma. Kwa hiyo mkinong’ona upande huu sisikii, lakini Musoma wanasikia.”

Wakacheka, na darasa likarudi kuwa darasa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Masatu, mtu mwema na mwenye kufuata taratibu, aliniuliza kama niko tayari kusimama mstarini. Nikasema niko tayari. Nikasimama, kofia mkononi, bandeji kichwani. Daktari alikuwa ameniambia nisitoke juani bila kofia, na nilimwelewa vizuri sana, lakini wimbo ulipoanza mkono ulipanda wenyewe. Yeye hakujua kuhusu bendera, na mimi sikufikiri kwamba bendera ni jua.

Kiangazi kilipokaza niligusa shingo chini ya taya, nikakuta kitu kigumu kama harage.

Siwezi kukueleza siku zile vizuri. Nilikuwa ninafundisha hesabu na vidole viko shingoni. Nilikuwa ninapika na vidole viko shingoni. Tezi. Habari nyingine. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa, na nilianza kumsemesha mtoto kama mtu anayeaga. Nilimwonyesha mahali nilipoweka khanga zake. Magesa hakupata ruhusa, maana kinu kilikuwa kinafanya kazi mchana na usiku kwa msimu, hivyo mama mkwe akajifunga khanga, akachukua kikapu, akasema tu, “Twende.”

Daktari aliibonyeza tezi kwa muda, akakagua kovu, akakuta mahali palipotunga usaha. “Inaweza kuwa ni huu usaha tu,” akasema. “Tezi huvimba mwili unapopambana. Tunasafisha, unapewa dawa, tunangoja. Ikipungua, sawa. Ikiongezeka, tutakata hata kama mtoto hajazaliwa.” Mama Ghati hakuwapo benchini siku ile.

Tulirudi kwa lori la magunia hadi Kiabakari. Pale tulipaswa kungoja gari la Bunda, lakini mama mkwe akanishika mkono.

“Kwanza tupite kwetu.”

Kwao ni Butiama, na sikuwahi kupelekwa. Tulipata mtu wa kutubeba kwa mkokoteni wa ng’ombe. Kaka yake alitupokea, tukanywa uji wa mtama, tukapumzika. Kisha mama mkwe akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali palipoachwa bila kulimwa, penye mawe yaliyopangwa vizuri na yaliyopaliwa majani hivi karibuni.

“Mzaliwa wa kwanza kwetu anazaliwaga kwa wazazi wa mama,” akasema. “Nilikuja hapa kujifungua. Nikazaa msichana. Mweupe kama wewe.”

Aliketi chini, akanivuta niketi.

“Baba yake Magesa hakumkataa. Mimi ndiye niliyemwacha hapa. Nikawa ninakuja, ninakaa naye ndani, mlango umefungwa. Nilikuwa namficha, watu wasiseme nimezaa nini. Surua ikapita, ikamkuta hana nguvu ya jua wala ya hewa. Magesa hajui. Hajawahi kuambiwa alikuwaga na dada.” Akanitazama, moja kwa moja, kwa mara ya pili tangu niolewe. “Siku Magesa alipokuleta, nilisema huyu amerudi kunidai. Nimeshindwa kukutazama, mwanangu. Si aibu yako. Ni yangu.”

“Aliitwa nani, Mama?”

“Nyabise.”

Tukakaa pale mpaka kaka yake akaja kututafuta. Wakati tunaondoka mama mkwe akaokota jani, akalikunja kidoleni. “Kwa hiyo usiseme tena mbegu yako,” akasema. “Hata yetu ndiyo hiyohiyo.”

Magesa alipoambiwa alitoka nje akakaa juu ya baiskeli iliyosimama, bila kwenda popote. Aliporudi alikaa upande wangu wa kushoto.

Harage la shingoni lilichelewa kupungua. Kila asubuhi mama mkwe alilibonyeza kabla hajawasha moto. “Bado,” alisema. “Bado.” Kisha asubuhi moja akabonyeza, akatafuta, akabonyeza tena kwa hasira kama mtu aliyeibiwa. “Liko wapi?” Tulipokwenda Musoma daktari naye akalitafuta, akacheka. Aliniambia nirudi kila kiangazi akague, nami hurudi mpaka leo, na mpaka leo nikikaribia benchi lile miguu hupoa. Hofu haiondoki yote. Inajifunza tu kukaa kwenye kiti chake.

Mvua za kwanza zikanyesha, na nikajifungua nyumbani, maana njia ilikuwa tope tupu. Nilisikia kilio, kisha nikasikia wanawake wamenyamaza, na nikajua kabla sijaonyeshwa. Nywele zake zilikuwa kama pamba iliyochaguliwa. Nje majirani walikuwa wamekusanyika kwenye mvua, na mmoja akauliza kwa sauti ambayo si ya siri, “Tumepata nini?”

Mama mkwe alimchukua mtoto, akamfunika khanga, akatoka naye mlangoni. Alimfunua uso mbele ya wote.

“Msichana,” akasema. “Amefanana na shangazi yake.”

“Shangazi yake yupi? Magesa si wa pekee?”

“Ingieni ndani mnyweshwe chai, niwasimulie.” Na akawasimulia, kwa jina, kila kitu, huku mtoto yuko mapajani mwake. Ndipo nikamwita Nyabise.

Mtoto alipopata nguvu, bibi yake alifanya mambo mawili. La kwanza, alianza kupanda mijohoro, miti ya kivuli, kutoka mlangoni kwetu hadi shuleni, akaimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, akawafukuza mbuzi kwa matusi ambayo sitayaandika. La pili, alikwenda kwa Mwalimu Masatu. Nilikuwapo.

“Shikamoo Mama,” mwalimu mkuu akasema.

“Marahaba. Nimekuja kwa habari ya bendera.”

“Bendera ina nini, Mama?”

“Haina kitu. Inakaaga juani mwaka mzima, wala haichubuki. Mkamwana wangu anachubuka. Mmoja nilimficha ndani akafa. Huyu mnataka kumtoa nje afe. Bendera yenyewe ingekuwa na kinywa ingemwambia avae kofia.”

Mwalimu Masatu akasema kwamba adabu iko pia katika kusimama wima. Tangu kesho yake nimesimama na kofia. Wiki ya kwanza nilijiona nimetukana nchi. Baadaye nikazoea.

Wewe unayesoma haya, na kidonda chako kiko hapo: nenda kikatazamwe, usingoje msimu uishe. Na wewe mwenye mtoto mweupe, mtoe nje, ila mtoe na kofia, mikono mirefu, na kivuli kama kipo. Kama hakipo, panda. Ulichompa si laana wala si adhabu, ni nakala tu, na hukumpa peke yako.

Mwaka huu Nyabise ameanza darasa la kwanza. Kofia yake ni ya ukindu, ameisuka mama yangu, na kamba amefunga bibi yake. Asubuhi ya kwanza alitembea chini ya mijohoro mpaka mwisho, akatoka juani, akajipanga na wenzake. Bendera ikaanza kupanda. Akaona vichwa vyote viko wazi. Niliona mkono wake ukienda kwenye kamba ya kidevu, na sikuweza kusema neno wakati wa wimbo, na mama mkwe alikuwa mbali barabarani na ndoo yake. Nyabise akanitafuta kwa macho katika mstari wa walimu. Nikashika ukingo wa kofia yangu, nikaukandamiza chini.

Mkono wake ukashuka. Akasimama wima, akaimba.